Kasa wa Chicago na mstari ulioachwa wazi

Ubishi wenyewe ni wa kale, je, umahiri hufundishwa au mtu huzaliwa nao, na sisi tuna methali za pande zote mbili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, atasema mmoja. Mwana wa nyoka ni nyoka, atajibu mwenzake, na kahawa inaendelea kunyweka. Mwaka 1983 marafiki wawili wa tangu shuleni walishikana katika ubishi huohuo mjini Chicago, ila wao hawakuuacha barazani. Waliuwekea pesa.

Wa kwanza ni Richard Dennis. Alianza sokoni akiwa kijana wa kutumwa, anakimbiza karatasi za maagizo kwenye sakafu ya soko la bidhaa. Baadaye akakopa dola 1,600 kwa watu wa kwao. Dola 1,200 zikaishia kwenye kiti, yaani haki ya kufanyia biashara, cha MidAmerica Commodity Exchange, soko dogo ambako mikataba ya kununua au kuuza bidhaa siku za mbele iliuzwa kwa vipimo vidogo kuliko katika masoko makubwa ya mji ule, na zile 400 zilizobaki ndizo zikawa mtaji. Kufikia miaka ya 1980 utajiri wake ulikuwa ukikadiriwa kwa mamia ya mamilioni ya dola.

Wa pili ni William Eckhardt, mwanahisabati na mshirika wake katika biashara. Eckhardt alishikilia kwamba anachokijua Dennis hakiandikiki: mkononi mwa treda mzuri, yaani mtu anayeishi kwa kununua na kuuza sokoni, kuna kitu ambacho maneno hayawezi kukihamishia kwa mwingine. Dennis akasema kinaandikika, kinafundishika, na kwamba yeye angekifundisha.

Kisa hiki husimuliwa sana, na mara nyingi kwa namna inayonikera. Husimuliwa kama hadithi ya siri: tajiri aliwapa watu wa kawaida kanuni zake, wakatajirika, kwa hiyo nawe itafute kanuni. Makundi ya WhatsApp na Telegram yanayouza signali, yaani maelekezo ya lini ununue au uuze, yanaishi kwa imani hiyo. Ila mtu akikaa na kisa chenyewe hadi mwisho, anaona kanuni zilikuwa zilezile kwa kila aliyekuwa chumbani, zimechapwa kwenye karatasi zilezile, na mambo yakatofautiana hata hivyo. Hapo ndipo pana kitu cha kujifunza kuhusu mtindo wa mtu na namna unavyopatikana.

Dennis alitoa tangazo kwenye magazeti makubwa ya Marekani, Wall Street Journal na New York Times yakiwamo: anatafuta watu wa kufundishwa, uzoefu si lazima. Waombaji walipita 1,000. Walioitwa kuhojiwa walikuwa 80 hivi, wakachaguliwa 10, wakaongezwa watatu aliowajua tangu mwanzo, na darasa likawa la watu 13. Alikuwamo Jerry Parker, mhasibu kutoka Virginia. Alikuwamo Curtis Faith, kijana wa miaka 19 aliyejua kuandika programu za kompyuta. Mwingine alikuwa amefanya kazi katika kampuni iliyotoa mchezo wa Dungeons & Dragons. Mwaka uliofuata likaongezwa darasa la pili.

Jina la Kasa, waliloitwa wanafunzi hao, lilitoka kinywani mwa Dennis mwenyewe. Alikuwa amerudi kutoka safari ya Asia, ambako aliona kasa wakifugwa Singapore, akasema atawakuza matreda kama wale kasa wanavyokuzwa kule. Aliyekulia pwani atatabasamu kidogo, kwa sababu kasa tunaowajua sisi hawalelewi na mtu: mama hutaga mchangani usiku, hufukia, hurudi baharini, na vifaranga hujitafutia maji wenyewe. Sidhani Dennis alilifikiria hilo. Jina lilifaa kuliko alivyokusudia.

Mafunzo yalichukua wiki mbili tu, mwishoni mwa Desemba 1983. Kwa vipimo vya leo, vya kozi za mtandaoni zisizokwisha, ni kidogo mno. Yaliyofundishwa yalienea kwenye kurasa chache. Tuyatazame kwa kituo, maana bila hesabu kisa hiki hubaki porojo.

Njia za kuingia sokoni zilikuwa mbili. Mfumo wa kwanza: bei ikipita kima cha juu cha siku 20 zilizopita, nunua, ikipita kima cha chini cha siku 20, uza, yaani weka dau kwamba bei itashuka. Unatoka bei ikigeuka na kuvuka kima cha siku 10 cha upande wa pili. Kulikuwa na sharti moja la ajabu: kama ishara ya mwisho ya namna hiyo katika soko hilo ilileta faida, hii ya sasa unairuka. Mfumo wa pili ulitumia siku 55 kuingia na siku 20 kutoka, na haukuwa na kuruka. Ukiwa umeruka kwenye siku 20 na bei ikaendelea mpaka ikafika ya siku 55, unaingia hapo, mwelekeo mkubwa usikupite.

Kilichobeba mzigo wote, kwa maoni yangu, ni kipimo walichokiita N. Ni wastani wa mtikisiko wa bei kwa siku moja, ukipimwa kwa siku 20. Ukubwa wa biashara ulihesabiwa hivi: fungu moja ni idadi ya mikataba ambayo bei ikisogea N moja, akaunti inasogea asilimia 1. Tuseme N ya dhahabu ni dola 5, na mkataba mmoja ni wakia 100. Mtikisiko wa siku kwa mkataba mmoja ni dola 500. Mwenye akaunti ya dola 500,000 ana asilimia 1 ya dola 5,000, basi fungu lake ni mikataba 10. Kikomo cha hasara kinawekwa umbali wa N mbili, yaani dola 10 chini ya alikonunua. Kikiguswa, amepoteza dola 10,000, asilimia 2 ya akaunti, na anatoka bila mjadala.

Bei ikimwendea vizuri, anaongeza fungu kila inaposogea nusu ya N, mpaka mafungu manne, huku vikomo vya mafungu ya mwanzo vikipandishwa. Mwenye mafungu yote manne, soko likimgeuka mara moja, anapoteza asilimia 5. Masoko yanayokwenda pamoja hayakuruhusiwa kuzidi mafungu 6 kwa jumla, yenye uhusiano wa mbali 10, na upande mmoja wote, wa kununua au wa kuuza, 12. Akaunti ikipungua asilimia 10, unafanya biashara kana kwamba mtaji umepungua asilimia 20. Ukizidi kuumia, unazidi kuwa mdogo.

Watu wengi husoma hayo wakaona ni kanuni za kujilinda, na kweli zinalinda. Ila zina kazi ya pili isiyotajwa sana. N inaifanya kila biashara iwe na uzito uleule. Hasara ya sukari, ya pamba na ya sarafu ya Uswisi zinauma sawasawa. Ukishafanya biashara 40 zenye uzito mmoja, zinahesabika na kulinganishwa, zinakuonyesha unachokifanya. Anayeingia leo na dola 5 na kesho na dola 80 kwa sababu "hii naiona kabisa" hana mazoezi ya kulinganisha. Matokeo yake yote yataamuliwa na zile biashara mbili alizopandisha dau, na hatajua kama tatizo ni njia ya kuingia, ni saa, au ni moyo wake.

Mwanzoni mwa Januari 1984 wanafunzi walipewa akaunti ndogo. Ofisi ilikuwa karibu na soko, ina meza, simu za kupigia maagizo, na meza ya ping-pong iliyotumika sana, kwa sababu kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa kungoja. Mwezi mmoja. Kisha Dennis angeamua nani apewe kiasi gani.

Mwezi huo ndio moyo wa kisa. Faith ameeleza kwamba kulikuwa na mwenendo mkubwa kwenye mafuta ya kupashia nyumba joto, na kwamba yeye aliingia kwa ukubwa wote ulioruhusiwa na kanuni, kisha akakaa. Wenzake wengi waliingia kwa kiasi pungufu au hawakukaa hadi mwisho. Watu haohao walikuwa wameketi pamoja wiki mbili, wamesikia mwalimu yuleyule, wanatazama bei ileile. Mwezi Februari akaunti zilipogawiwa, nyingi zilikuwa kati ya dola 500,000 na milioni 2, na kijana wa miaka 19 akapata ile ya milioni 2.

Kwa nini wengine hawakuingia kikamilifu? Hakuna aliyesahau kanuni. Nadhani jibu ni la kawaida sana. Katika mifumo inayofuata mwelekeo, ishara nyingi hufa: bei inavuka kima cha siku 20, inakuvuta ndani, kisha inarudi na kugusa kikomo. Asilimia 2 imekwenda. Tena. Tena. Mtu akishapigwa mara nne mfululizo, ishara ya tano haimjii ikiwa na sura ya fursa, inamjia ikiwa na sura ya kofi. Anaingia na nusu fungu, au anasema angoje kidogo athibitishe. Na faida ya mwaka mzima huwa imejificha kwenye ishara chache za aina hiyo. Lile sharti la kuruka ishara iliyofuata faida linazidisha ugumu, kwa sababu linakutaka ukae kando wakati moyo una furaha, na uingie wakati una kidonda.

Sifa iliyojitokeza Januari, basi, ilikuwa umbali kati ya kilichoandikwa na kilichofanyika. Dennis aliwahi kusema kwamba kanuni zake zingeweza kuchapishwa gazetini na watu wasizifuate. Alikuwa na ushahidi wa chumba kizima.

Nafika kwenye kipengele ambacho wasimulizi wengi hukipita mbio. Dennis hakuwaambia wagawe vipi mtaji kati ya mifumo miwili. Kila kitu kingine kilikuwa na namba, hapo aliacha mstari wazi, kila mtu aamue. Baadhi yao waliweka mtaji wote kwenye mfumo wa siku 55. Wengine waligawa nusu kwa nusu. Wengine wakachanganya kwa namna zao. Mtu anaweza kudhani ni jambo dogo, lakini maisha ya kila siku ya mifumo hiyo ni tofauti kabisa. Wa siku 20 unakuita mara kwa mara, unakupiga mara kwa mara, na unakutoa mapema mwelekeo ukichoka. Wa siku 55 unakuacha ukingoja wiki nyingi, kisha unakutaka uvumilie kuona faida kubwa ikirudi nyuma hadi kima cha siku 20 kabla ya kukuruhusu utoke. Yupo asiyeweza kupigwa mara nyingi, na yupo asiyeweza kutazama faida ikiyeyuka. Wote wawili ni watu wazima wenye akili, na hakuna maswali ya usaili yanayoweza kumwambia mtu yeye ni yupi kabla hajafanya.

Kwa hiyo ninapoulizwa mtindo wa treda unatoka wapi, naukumbuka mstari huo. Mwalimu alibana kila kitu, akaacha upenyo mmoja, na mtindo ukaingilia hapo. Angeacha kila kitu wazi, kila mwanafunzi angekuwa na vurugu yake na kuiita mtindo. Angebana vyote, wangebaki makarani.

Matokeo ya jumla yanajulikana. Kwa maelezo ya Faith, Kasa walipata kwa wastani faida ya asilimia 80 kwa mwaka katika miaka minne hivi ya mpango. Wachache waliondoka njiani. Eckhardt mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikosea.

Mimi singemwacha akubali kushindwa haraka hivyo. Watu 10 waliopenya kutoka 1,000 na zaidi hawakuokotwa njiani. Walichujwa kwa maswali na kwa mahojiano, na walichaguliwa kwa akili na kwa namna wanavyofikiri juu ya bahati na uwezekano. Hapakuwa na kundi la pili la watu wa kawaida kabisa waliopewa kanuni zilezile ili tulinganishe. Pesa pia haikuwa yao. Ilikuwa ya Dennis, nao walilipwa asilimia 15 ya faida. Aliyepoteza asilimia 30 alikuwa na hofu ya kufukuzwa, lakini hakuwa amepoteza ada ya mtoto. Na miaka ile masoko ya bidhaa na sarafu yalikuwa na mienendo mirefu. Nyoka na malezi wote walikuwamo chumbani, na jaribio halikuwatenganisha.

Kisha lipo la mwalimu. Mwaka 1988 mifuko ya fedha za watu aliyoisimamia Dennis ilikuwa imepoteza karibu nusu ya thamani, akaifunga na kujiondoa sokoni kwa muda. Mpango wa Kasa ukaisha mwaka huohuo. Wanafunzi waliofundishwa kufuata karatasi wakatoka wakiwa wazima, na aliyeiandika akatoka akiwa ameumia. Sina haja ya kumcheka. Mtu aliyejifunza sokoni kwa mikono yake, kwa dau kubwa na kwa hisia, ana mtindo uliokwisha kuganda kabla hajaandika kanuni za wengine, na kuandika dawa ni kazi tofauti na kuinywa.

Walivyotoka ndivyo mitindo ilivyoonekana waziwazi. Jerry Parker alianzisha Chesapeake Capital mwaka huohuo wa 1988, huko Virginia. Alibaki anafuata mwelekeo wa bei, lakini alipunguza ukubwa wa dau ukilinganisha na ule wa Chicago, akarefusha muda, na baadaye akaongeza hisa za makampuni kwenye masoko anayoyafuata. Mhasibu alibaki mhasibu. Liz Cheval alianzisha EMC, Paul Rabar akawa na kampuni yake. Chimbuko moja, na ukiweka rekodi zao kando kwa kando, miezi mibaya yao haifanani.

Anayetaka kujifunzia hapa akiwa na simu na akaunti ndogo ya forex, biashara ya sarafu, atakutana kwanza na hesabu. Chukua yuro dhidi ya dola, loti 0.01, yaani kipimo cha yuro 1,000, ambacho kwa madalali wengi ndicho kidogo kuliko vyote. Pointi moja (pip, yaani bei kusogea 0.0001) ni senti 10. Tuseme N ni pointi 70, hiyo ni dola 7 kwa siku. Ili dola 7 iwe asilimia 1, unahitaji akaunti ya dola 700 kwa fungu moja tu. Mwenye dola 50 akifungua loti hiyohiyo, kila N ni asilimia 14 ya mtaji, na kikomo cha N mbili kinamla zaidi ya robo kwa biashara moja. Akiunguza akaunti haraka, hakuna aliyemroga, na huenda hata njia yake ya kuingia haikuwa na kosa. Atafute dalali mwenye vipimo vidogo zaidi, au ashuke kwenye chati za saa ambako N ni ndogo na gharama za kuingia zinamng'ata zaidi. Akaunti ya demo, yenye pesa za kuigiza, inafaa kujifunza vitufe na hesabu. Haifai kujijua, kwa kuwa kofi la demo haliumi. Akaunti za Januari zilikuwa ndogo, lakini zilikuwa za pesa kweli.

Jambo la pili ni nini cha kuandika daftarini. Wengi huandika bei ya kuingia, ya kutoka, na faida, vitu ambavyo dalali anakuwekea bila kuombwa. Ningeongeza safu moja: nilifanya kama ilivyoandikwa, ndiyo au hapana, na kama hapana, nilifanya nini badala yake. Kanuni moja, soko moja au mawili, uzito mmoja, bila kubadilisha chochote mpaka biashara 40 au 50 zipite. Ukifika hapo usianze kutazama faida. Tazama zile hapana. Huwa zina mpangilio. Kuna atakayeona kwamba hapana zake zote ni za kutoka mapema akiwa na faida. Mwingine atakuta ameruka kila ishara iliyokuja baada ya hasara tatu. Mwingine aliingia kabla ya ishara, kila mara siku za Ijumaa.

Hizo hapana zikichukuliwa kama dhambi, mtu anaapa kujirekebisha, na mwezi ujao anazirudia. Zikichukuliwa kama vipimo, zinaonyesha pa kukata nguo. Anayetoka mapema kila mara huenda anabeba dau linalozidi usingizi wake; apunguze fungu kwa nusu, arudie biashara 40 nyingine, aone kama mkono umetulia. Anayeruka baada ya hasara tatu huenda mfumo wa ishara nyingi si wake, aujaribu ule wa siku 55 unaomwita mara chache. Abadilishe kimoja tu kwa wakati, vinginevyo hatajua kilichomsaidia. Ni kazi ya kuchosha. Ndiyo maana ile meza ya ping-pong naielewa.

Kanuni za Kasa siku hizi zinapatikana bure mtandaoni, namba zote zikiwamo: 20, 10, 55, 20, N mbili, mafungu manne. Unaweza kuzinakili usiku wa leo kwa dakika kumi. Ukishamaliza, kwenye mgawanyo kati ya mfumo wa kwanza na wa pili utakuta bado hakuna namba.